Sura ya 6: Mbona Jioni Chipsi Zinanishinda?

"Asubuhi nakunywa chai kavu, mchana nakula chungwa moja tu, najisifu kabisa. Ikifika saa kumi na mbili jioni nashuka kituoni, nanusa zile chipsi, miguu inakwenda yenyewe. Nina kasoro gani?"

Swali hili nimeulizwa na fundi cherehani, na mwalimu, na dereva wa bodaboda, na mama mwenye kisukari anayejua vizuri kabisa soda inamfanyia nini. Kitu kinachowashinda hubadilika. Kwa mmoja ni chipsi mayai, kwa mwingine ni mandazi ya saa nne, kwa mwingine ni soda baridi mchana wa jua kali. Swali ni lilelile, na karibu kila anayeuliza ameshajihukumu kabla hajajibiwa: mimi mroho, mimi sina msimamo.

Lisome tena swali lenyewe. Chai kavu asubuhi, chungwa mchana. Huyu mtu ameshuka kituoni akiwa hajala kutwa nzima. Tangu alfajiri amekuwa akijiandalia kushindwa, kisha lawama zote anazitupia zile dakika tano za mbele ya banda.

Hoja ya sura hii ni moja: wengi wetu tunapigana na uchu saa ambayo tumeshachelewa. Mtu anayeonekana ana moyo wa chuma, mara nyingi ukimchunguza utakuta alimaliza kazi yake mapema, wakati mafuta bado hayajawekwa jikoni.

Njaa na uchu si ndugu wa tumbo moja

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili tunayoyachanganya kila siku.

Njaa ni mwili kudai chakula. Huja polepole, huongezeka kadiri muda unavyopita, na hukubali chochote kilichopo. Nyuma yake kuna homoni, yaani kemikali zinazobeba ujumbe kupitia damu kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo ghrelini, iliyogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999, nayo huuambia ubongo kwamba wakati wa kula umefika. Mafuta ya mwili nayo hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1994, ambayo huuarifu ubongo kwamba akiba ipo.

Uchu ni hamu kali ya kitu kimoja maalumu. Una jina, una ladha, wakati mwingine una hata banda lake na mpishi wake. Unaweza kukujia ukiwa na njaa, na unaweza kukujia dakika kumi baada ya kula pilau la harusi mpaka ukalegeza mkanda. Keki ikikatwa, nafasi inapatikana. Sababu ni kwamba ulimi huchoka na ladha uliyokuwa ukiila, hauchoki na ladha zote. Umeshiba chumvi na nyama. Utamu bado hujaugusa.

Kipimo cha kutofautisha viwili hivi hakihitaji maabara. Jiulize: ningewekewa sasa hivi ugali wa moto na maharage, ningekula? Ukijibu ndiyo, hiyo ni njaa, na dawa yake ni kula. Ukijibu "hapana, mimi nataka chipsi," basi huo ni uchu.

Taabu kubwa huanza vikija pamoja. Wahenga walisema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Njaa hulegeza mwili, na hulegeza uamuzi pia. Mwenye njaa tupu hawezi kusimama mbele ya kikaango akafanya hesabu ya afya yake ya miaka ishirini ijayo.

Mbwa wa Pavlov na taa ya banda la chipsi

Mwanasayansi wa Urusi aitwaye Ivan Pavlov alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya umeng'enyaji wa chakula. Lakini jina lake linakumbukwa zaidi kwa jambo aliloligundua kwa mbwa wake. Aliona wanatokwa mate hata kabla ya kuonjeshwa chakula. Ilitosha kumwona mtu ambaye huwa anawalisha. Baadaye akathibitisha kwamba hata sauti tupu, ikiambatana na chakula mara nyingi, mwishowe huwatoa mbwa mate bila chakula kuwapo.

Sasa rudi pale kituoni. Mafuta yanachachatika. Mwiko unagonga kikaango. Ndani ya kabati la kioo taa inawaka juu ya viazi vilivyokwisha kukaangwa mara ya kwanza. Kuna harufu ya yai na kachumbari iliyokatwa sasa hivi. Kila kimoja kati ya hivyo ni kichocheo, yaani ishara ambayo ubongo umeifunga pamoja na ladha inayofuata. Umekula zege, yaani chipsi mayai, pale mara mia mbili, na mara hizo mia mbili zimekuwa somo. Mate yanakutoka kabla hujaamua lolote.

Vichocheo vingine havina harufu wala mwanga. Kwa baadhi ya watu ni saa: ikifika saa nne asubuhi ofisini, mkono unatafuta andazi. Kwa wengine ni hali ya moyo, kama uchovu, upweke, au kugombana na bosi. Kwa wengine ni mshahara kuingia. Kwa wengine ni kochi na tamthilia ya usiku, ambapo korosho au biskuti huliwa bila mlaji kujua pakiti imekwisha lini.

Kuna jambo la pili linalotokea ndani ya kichwa. Ubongo una kemikali iitwayo dopamini, ambayo wengi wameisikia ikiitwa kemikali ya raha. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mtafiti Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, pamoja na wenzake, waliondoa dopamini katika ubongo wa panya. Panya hao waliacha kukitafuta chakula, wangeweza kufa na njaa huku chakula kiko mbele yao. Hata hivyo, walipodondoshewa utamu ulimini, nyuso zao zilionyesha kufurahia kama kawaida. Maana yake ni kwamba kutaka na kufurahia ni mambo mawili, na dopamini inahusika zaidi na kutaka.

Hili unaweza kulipima mwenyewe. Safari nyingine ukila chipsi, linganisha tonge la tatu na tonge la ishirini. Mara nyingi ule mvuto uliokuvuta kutoka ng'ambo ya barabara ulikuwa mkubwa kuliko raha uliyoipata sahanini. Uchu huahidi kingi, sahani hulipa nusu.

Je, mwili huomba kinachopungua?

Wengi hujitetea hivi: "Nikitamani kitu ujue mwili wangu unakihitaji." Ingekuwa hivyo, tungewaona watu wakipigwa na uchu wa mchicha na dagaa, kwa kuwa wengi wetu tuna upungufu wa madini ya chuma zaidi kuliko upungufu wa mafuta ya kukaangia.

Mfano ulio karibu nasi ni udongo. Katika masoko mengi ya Tanzania huuzwa vipande vya udongo uliokaushwa, maarufu kwa jina la pemba, na wanunuzi wakubwa ni wajawazito. Hamu ya kula udongo huambatana mara nyingi na upungufu wa damu. Lakini udongo si dawa ya upungufu huo. Unaweza hata kuzuia madini ya chuma yasifyonzwe tumboni, na utafiti uliofanywa katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini ulikuta udongo wa kuliwa una metali zenye sumu. Kwa hiyo hata pale ambapo mwili kweli una upungufu, uchu unaweza kuonyesha kidole upande usio sahihi. Mjamzito anayetamani udongo apimwe damu kliniki, asiachwe na mfuko wa pemba.

Kwa nini hakuna anayekesha akiwaza kisamvu

Kisamvu cha nazi ni kitamu, tena sana. Lakini hakuna anayeamka saa sita usiku kukitafuta. Vyakula vinavyotushinda vina sifa zinazofanana: wanga au sukari vikikutana na mafuta, pamoja na chumvi, katika kitu laini kisichohitaji kutafunwa sana. Viazi peke yake ni wanga. Mafuta peke yake hayanyweki. Viunganishe, ongeza yai na chumvi, umepata kitu ambacho miti na mashamba havikitoi kikiwa tayari. Ubongo wa binadamu ulijengwa zama ambazo chakula kilikuwa cha kubahatisha, na kitu chenye nguvu nyingi namna hiyo huupagawisha.

Viwanda vimeisoma habari hii vizuri. Kuna kundi la vyakula viitwavyo vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, yaani vile vinavyotengenezwa kwa viambato ambavyo huvikuti jikoni kwako: ladha bandia, rangi, vigandishi, sukari za kiwandani. Soda, biskuti nyingi za pakiti, soseji na tambi za dakika mbili zimo humo. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani walichapisha jaribio la watu wazima 20 waliolazwa kwa wiki nne. Kwa wiki mbili walipewa vyakula hivyo, kwa wiki mbili nyingine vyakula vya kawaida vilivyopikwa, na kila mara waliambiwa wale watakacho. Sukari, mafuta na chumvi vilivyowekwa mezani vilisawazishwa. Walipokuwa kwenye vyakula vya kiwandani walikula takribani kilokalori 500 zaidi kwa siku (kilokalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula), na katika wiki hizo mbili waliongezeka karibu kilo moja. Hawakuwa waroho zaidi wiki ile kuliko wiki nyingine. Walikuwa watu walewale, wamebadilishiwa sahani.

Soda nayo ina hesabu yake. Chupa ya mililita 300 kwa kawaida hubeba gramu 30 hivi za sukari, yaani vijiko vya chai kati ya 7 na 8. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote tunayoila kwa siku, na ingefaa zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida ni vijiko 12 hivi, na ingefaa viwe 6. Mwenye kunywa vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, ana vijiko 9 kabla hajafungua chupa. Akiifungua, anafika 16 au 17. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

> Kwa ufupi hadi hapa
> - Njaa hukubali chochote, uchu huchagua.
> - Uchu huamshwa na vichocheo: mahali, saa, harufu, hali ya moyo.
> - Kutaka sana si ushahidi kwamba utafurahia sana, wala kwamba mwili unahitaji.
> - Baadhi ya vyakula vimetengenezwa hivi kwamba mtu yeyote angezidisha.

Jumatatu ya kujinyima, Alhamisi ya liwalo na liwe

Dawa ambayo wengi huikimbilia ni kujinyima kila kitu kwa mpigo. Kuanzia Jumatatu: hakuna wali, hakuna chapati, hakuna sukari, usiku maji matupu. Kufikia Alhamisi mtu hawazi kingine ila chakula.

Mwaka 1944, vita kuu ya pili ikiendelea, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza jaribio na vijana 36 waliojitolea. Walikuwa wazima wa afya na akili. Kwa miezi sita walipunguziwa chakula karibu nusu ili ijulikane njaa humfanyia mtu nini. Walikonda, hilo lilitarajiwa. Lililowashangaza wengi ni vichwa vyao. Vijana hao walianza kuota chakula, kukizungumzia kutwa kucha, na baadhi yao kukusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kama hadithi. Hapo awali hawakuwa na mazoea hayo. Kunyimwa ndiko kulikozaa uchu.

Kisha kuna mtego wa pili. Watafiti waliochunguza watu wanaojinyima waligundua kwamba mtu wa namna hiyo, akishakula kidogo kile alichojikataza, mara nyingi hula zaidi kuliko mtu ambaye hakujikataza kitu. Sisi tuna jina la hali hiyo tangu zamani: liwalo na liwe. "Nimeshakula andazi moja, siku imeshaharibika, lete na yale matatu." Andazi moja lisingemdhuru. Hukumu aliyojipa baada ya lile la kwanza ndiyo iliyoleta mengine.

Anachokijua mfungaji

Tuna shule yetu wenyewe ya jambo hili, na wengi wameisoma bila kujua. Mtazame Mwislamu mwezi wa Ramadhani saa nane mchana. Anapita mbele ya mgahawa uliofunguliwa, anasikia harufu ya kuku wa kukaanga. Njaa anayo. Lakini hagombani na nafsi yake kwa dakika ishirini akijiuliza ale au asile, kwa sababu suala hilo halipo mezani. Nia aliiweka usiku, kabla ya alfajiri, akiwa ametulia na ameshakula daku. Mchana hana cha kujadili. Mkristo aliyeamua kuacha nyama au soda siku zote za Kwaresima naye anaijua hali hii: wiki ya kwanza nzito, kisha mjadala unanyamaza.

Linganisha na yule anayesema, "Nitajitahidi kupunguza chipsi." Huyu kila jioni anafungua kesi upya, na jaji ni tumbo tupu.

Mfungaji huyohuyo pia anatupa somo la pili pale adhana ya magharibi inapolia. Sambusa, kaimati, tambi za sukari na juisi vimejaa mkekani, na yule aliyestahimili saa kumi na tatu anaweza kula mpaka ashindwe kuinuka. Imani ni ileile. Nia yake ilihusu mchana, na kuhusu futari hakuwa ameamua lolote.

Hata aliyeweka nia ana macho, na macho hayana pazia; hili nalo limepimwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwapa watoto wa chekechea chaguo: kitamu kimoja sasa, au viwili ukisubiri mpaka nirudi. Jaribio hilo husimuliwa kama kipimo cha tabia ya mtoto, na mengi yaliyodaiwa juu ya mustakabali wa watoto hao yamepunguzwa uzito na tafiti za baadaye. Lakini jambo moja lilionekana waziwazi: vitamu vilipofunikwa, watoto walisubiri muda mrefu zaidi kuliko vilipokuwa wazi mbele yao. Na walioweza kungoja vikiwa wazi walijifunika macho, waligeukia ukuta, waliimba. Hawakukaa wakikikodolea kitamu macho huku wakijikaza.

Mpango wenyewe: kabla, wakati na baada

*Kabla uchu haujaja.* Hapa ndipo penye kazi kubwa.

1. Kula mchana, ule ushibe. Ugali au wali wa kiasi, maharage, dagaa au yai, na mboga nyingi. Protini, yaani kile kinachojenga mwili na kinachopatikana kwenye maharage, samaki, nyama na mayai, hukaa na shibe muda mrefu kuliko chai na mkate. Ukijua utachelewa kurudi nyumbani, beba ndizi au karanga, uzile saa kumi alasiri. Lengo ni ushuke kituoni ukiwa na hamu tu, bila njaa.
2. Lala. Jaribio dogo la Chuo Kikuu cha Chicago lililochapishwa mwaka 2004 lilipima vijana 12 waliolala saa nne tu kwa usiku mbili. Leptini ilishuka kwa asilimia 18, ghrelini ikapanda kwa asilimia 28, na hamu yao ilielekea zaidi kwenye vitamu, vyenye chumvi na vya wanga. Mwenye kukesha na simu hadi saa nane usiku anajinunulia uchu wa kesho yake.
3. Badili njia. Shuka kituo kimoja kabla, au vuka barabara upite upande wa pili. Ni aibu ndogo kukwepa banda, na faida yake ni kubwa. Kichocheo usichokiona hakina nguvu kwako.
4. Usiingize nyumbani unachokipigania. Katoni ya soda chini ya kitanda itaisha. Swali ni siku ngapi. Soda ikibidi, iwe ya kutoka kwenda kununua moja.
5. Weka nia yenye saa na mahali. Badala ya "nitapunguza," sema, "Nikishuka kituoni Jumatatu hadi Ijumaa, nanunua tikiti kwa yule mama wa matunda, chipsi ni Jumamosi na watoto." Umeshaamua, tena umeacha mlango wa kupumulia.
6. Punguza sukari ya chai kwa nusu kijiko, ukae hapo wiki mbili, upunguze tena. Ulimi hujifunza. Ndivyo ilivyo pia kwa chumvi: baada ya wiki kadhaa, mboga ya zamani utaiona chungu kwa chumvi.

Kama una watoto, mpango huu ni wao pia. Mtoto aliyekunywa uji na kula kiporo cha viazi vitamu kabla ya shule hanunui mezani kwa muuza pipi sawa na aliyetoka na hela ya kula na tumbo tupu.

*Wakati umekuja.* Mipango yote hiyo haitazuia kila kitu. Siku moja utashikwa.

Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, aliyewasaidia watu wenye uraibu wa pombe, aliwafundisha kuutazama uchu kama wimbi. Watu wa mwambao hawahitaji kufundishwa hili. Maji yakianza kujaa huonekana hayatakoma, lakini hata bamvua haliji mpaka Kariakoo; hufika kikomo chake, yakapwa. Uchu nao, usipolishwa, mara nyingi hupungua katika dakika kati ya 15 na 30. Anayefikiri utazidi mpaka umpasue ndiye anayejisalimisha mapema.

Kwa hiyo usiahidi kwamba hutakula kamwe. Ahidi robo saa. Ndani ya robo saa hiyo fanya moja kati ya haya:

- Tembea kwa kasi. Hata dakika 15 za kutembea zimeonekana kupunguza uchu wa chokoleti kwa wanaoupata.
- Shughulisha macho na mikono. Uchu huishi kwa picha kichwani. Unaona sahani, unaona mvuke. Kazi inayohitaji macho, kama kuchambua mchele, kufuma au kucheza bao, huinyima picha hiyo nafasi. Watafiti wa Uingereza walipata matokeo ya namna hiyo kwa mchezo wa kielektroniki uitwao Tetris.
- Kunywa maji, kisha jipime tena kwa swali la ugali na maharage.

Robo saa ikipita na bado unataka, kula kiasi. Agiza nusu sahani na kachumbari nyingi, ukae chini, ule polepole, uonje. Ukila umesimama huku unajificha, utaondoka bila raha na bila shibe.

*Baada ya kushindwa.* Mlo unaofuata uwe wa kawaida. Usijiadhibu kwa kufunga siku nzima, maana umeshaona njaa inakupeleka wapi. Jiulize tu ilianzia wapi. Usingizi? Mchana hukula? Ulipita njia ileile? Jibu hilo ndilo mtaji wako wa wiki ijayo.

Pale ambapo si uchu

Mambo matatu yasichukuliwe kama udhaifu wa kupambana nao. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, akitetemeka ghafla, akatoka jasho na kutamani kitu kitamu, huenda sukari yake imeshuka mno. Hapo anahitaji sukari upesi, kisha apime na amweleze daktari wake. Mwenye kula kiasi kikubwa kwa siri mara kwa mara, akashindwa kujizuia na kisha akajitapisha, ana ugonjwa unaotibika, na hospitali ndiko kwake. Na kiu isiyokatika inayomfanya mtu atafute soda kila saa, ikiambatana na kukojoa sana, ni dalili ya kwenda kupima kisukari.

Tena tusimbebeshe mlaji mzigo wote. Mwaka 2015–16, uchunguzi wa kitaifa wa afya Tanzania ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 walikuwa asilimia 36. Wanawake hawakuwa waroho ghafla katika miaka saba. Miji imepanuka, safari za kwenda kazini zimerefuka, jiko la kukaangia limefika kila kona na mabango ya soda yamefika kila duka. Kuijua hali hii hakukuondolei kazi yako, ila kunakuondolea aibu, na aibu haijawahi kumsaidia mtu kula vizuri.

Muhtasari wa sura

- Jipime kwanza: ni njaa au ni uchu?
- Shiba mchana, lala usiku, ondoa vichocheo machoni.
- Amua mapema, kwa saa na mahali, kama mfungaji anavyoweka nia.
- Uchu ukija, upe robo saa na kazi ya macho na mikono.
- Ukishindwa, mlo unaofuata ni wa kawaida. Hakuna liwalo na liwe.

Yule aliyeniuliza ana kasoro gani, nilimjibu kwamba sijaiona. Nilichokiona ni mchana wa chungwa moja. Kwa hiyo, msomaji, usianze na chipsi. Usiku wa leo, kabla hujazima taa, amua jambo moja tu: kesho mchana utakula nini, na utakula wapi.